Tao la Titus: Kiraka Kisichojificha

Ukifika kwenye Tao la Titus mjini Roma, anza na nguzo. Zilizo karibu na njia ya kupita zimechongwa mifereji kutoka juu hadi chini. Zile za pembeni kabisa ni laini, hazina mfereji hata mmoja. Fundi hakusahau, alikusudia.

Tao lilijengwa baada ya Kaisari Titus kufariki mwaka 81, kuadhimisha ushindi wake wa Yerusalemu wa mwaka 70. Ndani ya njia, michongo inaonyesha wanaume wamebeba kinara cha matawi saba kilichotekwa Hekaluni. Karne nyingi baadaye, ukoo wa Frangipane ulilijumuisha tao katika ngome yao. Mwanzoni mwa karne ya 19 kuta zilizolizunguka zilipobomolewa, tao lilikosa egemeo.

Msanifu majengo Raffaele Stern alianza ukarabati, akafariki mwaka 1820. Msanifu mwenzake Giuseppe Valadier akaupokea. Tao lilifunguliwa jiwe kwa jiwe, kisha likapangwa upya. Pengo halikuzibwa kwa marumaru kama ya asili, bali kwa travertino, jiwe lenye vitundu na rangi nyingine. Umbo na vipimo vilifuata mabaki, lakini urembo uliachwa, ndiyo maana nguzo za pembeni hazina mifereji. Ukiwa mbali unaona tao zima. Ukisogea, unajua palipo pa kale na palipo papya.

Mwandishi Mfaransa Stendhal hakuridhika. Kwake, kilichobaki kilikuwa nakala. Hoja yake ina uzito, kwani jiwe likishaondolewa mahali pake hupoteza kitu. Lakini Valadier hakumghushi Mroma wa kale. Michongo iliyolika haikuchongwa upya, na upande mmoja juu ya tao maandishi yanataja kazi ya Papa Pius VII waziwazi.

Mwaka 1964, Mkataba wa Venice, wa kimataifa kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, uliifanya busara hiyo kuwa kanuni: sehemu mpya ilingane na jengo zima, lakini itofautike na ya asili. Mwaka 2012 watafiti waligundua mabaki ya rangi ya manjano kwenye kile kinara. Hawakulipaka jiwe, rangi waliirudisha kwenye picha za kompyuta.

Huo ndio ufundi ninaouheshimu. Jengo la kale ni shahidi, na anayelitengeneza amsaidie kusimama bila kumwekea maneno mdomoni.