Mbegu Sawa, Ng'ombe Siye

Niseme mapema tusizungushane: mrija wa mbegu ya jike, yaani mbegu iliyochambuliwa ili ndama awe jike, uliotumika siku ya kupandisha ng'ombe pale Mlandege, Iringa, umepotezwa. Haukupotezwa na mtungi unaotunza mbegu, wala na baridi ya Iringa, wala na mkono wa mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mrija. Umepotezwa na uamuzi mmoja uliofanywa kwa muda mfupi kuliko ule wa kuyeyusha mrija wenyewe. Mbuguma, ng'ombe aliyekwisha kuzaa, akapewa mbegu ya jike; mtamba, ambaye hajazaa, akapewa mbegu ya kawaida. Ilipaswa kuwa kinyume chake, na tangu siku ile sijasikia hoja ya kunifanya nilegeze msimamo.

Kwa msiokuwepo, hali ilikuwa hivi. Ng'ombe wawili walichomwa sindano ya kuleta joto kwa pamoja, na wote wawili wakaitika vizuri: ute umening'inia, mmoja akipandwa anasimama tuli. Mbuguma ni chotara wa Friesian, ana mizao mitatu, na ndiye anayetoa maziwa mengi kuliko wote katika zizi lile. Ila amekwisha kupandishwa mara mbili tangu azae, na mara zote mbili akarudi kwenye joto. Mtamba ni binti yake wa kumzaa. Mwili umejaa, mzunguko wake hausumbui, hajawahi kupandishwa. Kwenye mtungi kuna mrija mmoja tu wa jike. Mingine yote ni ya kawaida.

Mhimilishaji akamgeukia mwenye zizi, mama mtu mzima anayeheshimika, akamuuliza: "Mama, huu wa jike tumpe nani?" Mama akajibu bila kusita: "Mpe mkubwa, mwanangu. Ndiye anayetulisha." Basi ikawa hivyo. Watu wakapiga makofi. Mama simlaumu hata kidogo. Amejibu kama mwenye mali anayempenda ng'ombe wake. Namlaumu aliyeuliza, kwa sababu hilo halikuwa swali la kumuuliza mama.

Tukumbushane kilichomo ndani ya mrija ule. Mbegu ya ng'ombe yenye kromosomu X ina DNA nyingi kuliko yenye Y kwa karibu asilimia 4. Mashine inazipaka rangi, inazipitisha moja moja mbele ya mwanga wa leza, inapima zinavyong'aa, inazitia chaji ya umeme na kuzivuta pande mbili. Nyingi humwagwa njiani. Zinazobaki zimepita kwenye rangi, mgandamizo, umeme, kisha zikagandishwa. Mrija wa kawaida hubeba mbegu kama milioni 15 hadi 20. Wa jike, kwa kipimo kilichozoeleka miaka mingi, ulibeba kama milioni 2. Ule ulioboreshwa unafika milioni 4. Kwa hiyo ni mbegu chache, zimechoka, na uhai wake ndani ya kizazi ni mfupi. Lebo inapoahidi majike 9 katika ndama 10, inahesabu ndama waliozaliwa. Haiahidi kwamba ng'ombe wako atashika mimba.

Sasa mbegu chache zilizochoka unazipeleka wapi? Unazipeleka kwenye kizazi kisicho na historia ya matatizo. Mtamba hajawahi kuzaa, hajabakiza kondo, kizazi chake hakijapata uchafu, na hakamuliwi, kwa hiyo chakula anachokula kinajenga mwili wake. Mbuguma anayetoa maziwa mengi anakula na bado anakonda, mwili unadai nishati usiyoipata, na kizazi ndicho kinachokatwa mgao kwanza. Huyu wa Mlandege alikwisha kutupa taarifa mara mbili kwa kurudia joto. Kumpa yeye mrija ule ni kumpa penalti ya dakika ya 90 nahodha anayechechemea, eti kwa sababu msimu uliopita alifunga mabao mengi.

Haya hayakubuniwa na mimi. Lawrence Johnson na wenzake kule Beltsville, Marekani, walionyesha mwaka 1989, kwa sungura, kwamba mbegu zilizotenganishwa zinaweza kuzaa jinsia iliyokusudiwa. Kikundi cha George Seidel cha Fort Collins, Colorado, kilipoipeleka mbinu hii kwa ng'ombe kwa upana na kuchapisha matokeo mwaka 1999, kilichagua mitamba. Watu waliokuwa na mashine, maabara na fedha walianza na mnyama mwenye nafasi kubwa kuliko wote ya kushika mimba, na hata hapo ushikaji ulikuwa kati ya asilimia 70 na 90 ya ule wa mbegu za kawaida. Sisi wenye mrija mmoja tukaanza na mnyama anayerudia joto. Huo ujasiri tumeutoa wapi?

Tupige hesabu ya mfano. Chukua mitamba 100 ambao kwa mbegu ya kawaida 60 wangeshika mimba: utapata ndama jike 30. Wape mbegu ya jike, ushikaji ushuke hadi 48, na kwa usahihi wa asilimia 90 utapata jike 43. Faida ni jike 13. Chukua mbuguma 100 wanaorudia joto, ambao kwa mbegu ya kawaida 30 wangeshika: jike 15. Wape mbegu ya jike, washike 20: jike 18. Faida ni 3, kwa mirija ileile 100 inayouzwa mara kadhaa ya bei ya mrija wa kawaida. Juu yake ongeza siku 21 za kulisha bure kila mbuguma anaporudi.

Nusu ya pili ya kosa haikuzungumzwa kabisa, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Mtamba yule amepewa mbegu ya kawaida ya Friesian. Akishika, nafasi ni nusu kwa nusu kwamba amebeba ndama dume, na ndama dume kwa kawaida huzaliwa mzito kuliko jike. Mtamba anazaa kwa mara ya kwanza, nyonga bado finyu, na wafugaji wetu wanajua usiku wa kuvuta ndama kwa kamba unavyokuwa. Mrija wa jike ungempa ndama mwepesi na uzazi rahisi. Kwa uamuzi mmoja, mbuguma amenyimwa mbegu nyingi anazozihitaji, na mtamba ameongezewa hatari asiyoihitaji.

Upande wa pili una hoja yake, na nimeisikia mara nyingi mpaka nimeizoea: tunataka jike kutoka kwa mtoa maziwa bora, mtamba hajathibitishwa. Kwa shamba lenye kumbukumbu kamili na mbuguma anayeshika kwa mara ya kwanza, hoja hiyo ina uzito. Pale Mlandege haina. Mtamba ni binti wa mtoa maziwa huyohuyo: nusu ya vinasaba vyake ni vya mama, na nusu nyingine ni vya dume aliyechaguliwa, si fahali wa jirani aliyekatika kamba. Ukitaka damu ya mama, iko palepale kwenye mtamba, ndani ya kizazi kinachofanya kazi. Mbuguma angepewa mrija wa kawaida, ashike kwanza, arudi kwenye maziwa. Hapo ndipo anapotulisha.

Halafu kuna saa. Kanuni ya asubuhi kwa jioni, yaani anayeonekana kwenye joto alfajiri apandishwe jioni, ilitungwa kwa mbegu za kawaida. Mbegu ya jike inaishi muda mfupi, kwa hiyo inapaswa kuchelewa zaidi ili ikaribiane na yai: saa 16 hadi 24 tangu joto lianze ndicho kipimo wanachopendekeza wengi. Pale Mlandege joto lilionekana alfajiri na mrija ukaingia adhuhuri, kwa sababu watu walikuwa wamekusanyika na gari lilitakiwa kuondoka. Ng'ombe hana habari na ratiba ya gari.

Haraka hiyo inaanzia kwenye sindano za kuleta joto, ambazo nilikwisha kuziandika na nitaendelea kuziandika. Zinafaa pale mfugaji asipoweza kuliona joto. Zimegeuzwa njia ya kuwakusanya ng'ombe siku ya wageni, mhimilishaji apige wengi kwa mkupuo, picha zipigwe, taarifa iandikwe kwa idadi ya waliopandishwa. Idadi ya waliozaa haiandikwi, kwa sababu mwenye taarifa huwa amekwisha kuhama. Mimi nahesabu mimba zilizopimwa kwa mkono baada ya miezi miwili au mitatu. Kingine chochote ni sherehe.

Kazi ya mkono, nikiri, ilikuwa safi: maji ya nyuzi 37, mrija ukakaushwa, bunduki ikapashwa moto, mbegu ikawekwa mbele kidogo ya mlango wa kizazi, kadi ikajazwa.

Ndiyo maana ninasikitika. Mkono ule ungepewa kichwa cha wahimilishaji wa zamani, tungekuwa tunaandika habari nyingine leo. Waliofunzwa uhimilishaji Usa River enzi zile, waliozunguka Iringa na Mbeya kwa baiskeli na pikipiki zenye mtungi nyuma, hawakuwa na mbegu ya jike. Walikuwa na mbegu ya kawaida na mdomo wa kusema hapana. Mfugaji akimleta mtamba mdogo asiyefika theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mkubwa, walimrudisha nyumbani. Mbuguma akirudia mara tatu, walitaka kujua kizazi kina nini kabla ya kufungua mtungi. Kuwabishia uliweza, ila hukuweza kuwafanya wakuulize wewe kazi yao.

Na uhaba wa leo ni mkubwa kuliko wa enzi zao. Foleni ya wanaotaka mitamba wa mashamba ya Kitulo na Sao Hill ni ndefu kuliko mitamba wenyewe. Familia zilizopokea ng'ombe wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe zinajua maana ya kusubiri ndama jike wa kumkabidhi jirani, na zinajua uchungu wa kupata dume mara mbili mfululizo wakati deni limesimama. Kwa watu hao mbegu ya jike si anasa. Mbegu zenyewe nyingi zinaagizwa nje, zinasafiri kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukichelewa kujazwa mara moja mzigo wote umekufa. Mrija uliovuka yote hayo na kufika Mlandege ukiwa hai unapaswa kukutana na mnyama sahihi.

Mbuguma akirudi kwenye joto, nami naamini atarudi, najua kitakachosemwa vilabuni na sokoni: mbegu za jike ni utapeli wa kisasa, bora fahali wa jirani. Mtamba naye akizaa dume kwa tabu, itasemwa ni bahati mbaya. Yote mawili yatakuwa uongo. Mrija ukifika tena, apewe mtamba mwenye mwili, tena kwa saa yake, na mbuguma asubiri wa kawaida. Mwenye zizi akitaka vingine, aelezwe kwa heshima kwa nini haiwezekani. Kumueleza ndiyo sehemu ya kazi anayolipwa mhimilishaji, na siku ile Mlandege sehemu hiyo aliiruka.