Chombo cha Angani katika Ngano

Wako wasomaji wachukiao kuona chombo cha angani kikitiwa katika ngano. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi amrusha angani Dzombo, aliyehukumiwa kifo, hata afike nchi ambayo jina lake ni fumbo jepesi mno: "wale ni sisi". Lawama hiyo haina nguvu. Katika njia ya misafara, tangu Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji, watemi walitoza hongo ya nguo na shanga. Hadithi zilipita bure. Abunuwasi naye, asili yake mshairi wa Baghdad, leo ni mjanja wa Kiswahili, wala hapana amwonaye mgeni. Kasoro ya Walenisi i mahali pengine: Dzombo akishatua, mafundisho huyazidi matukio.