Uvimbe wa Kifandugu: Hatari ya Usioonekana

Mtoto akizaliwa na uvimbe mkubwa matakoni, wodi nzima hushtuka. Mimi wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaozaliwa na matako yasiyo na dosari, kumbe uvimbe umo ndani.

Mwaka 1974 nchini Marekani, Peter Altman na wenzake walichapisha uchambuzi wa watoto 405 wenye uvimbe huu, uitwao teratoma ya kifandugu (mfupa wa ncha ya chini ya mgongo), kutokana na taarifa za madaktari wa upasuaji wa watoto. Swali lao lilikuwa: uvimbe umekaa wapi? Aina ya kwanza karibu wote uko nje. Ya pili una sehemu iliyoingia kwenye nyonga. Ya tatu sehemu kubwa imejificha ndani na kupanda tumboni. Ya nne, karibu mtoto mmoja kati ya kumi, haina hata dalili ya nje.

Kisha wakatazama umri. Kwa waliogunduliwa kabla ya miezi miwili, saratani ilikutwa kwa asilimia 7 ya wasichana na 10 ya wavulana. Baada ya hapo ikawa 48 na 67. Si kwamba kila uvimbe uliochelewa kuonekana umegeuka saratani, lakini uliojificha ndio unaopewa muda wa kugeuka.

Ndiyo maana kidole hakina mbadala. Daktari huvaa glavu, hupaka kilainishi, huingiza kidole kidogo polepole kwenye njia ya haja kubwa, kisha hugeuza ncha yake kuelekea mgongoni. Kwa kawaida huugusa mfupa moja kwa moja nyuma ya ukuta laini wa utumbo. Akikuta kitu kimejaa kati ya utumbo na mfupa, altrasaundi au MRI ifuate siku hizohizo. Mtoto anayefunga choo kila mara, anayekojoa kwa shida au ambaye miguu inalegea asirudishwe nyumbani na dawa ya kulainisha choo kabla ya kupimwa hivi.

Uvimbe wa nje nao usichanganywe na mgongo wazi. Teratoma hushika kwenye kifandugu na kusukuma tundu la haja kubwa mbele. Mgongo wazi kwa kawaida hukaa juu zaidi, na ukibonyezwa taratibu utosi waweza kutuna.

Damu hupimwa AFP, protini inayopanda sana saratani ikiwepo. Tatizo ni kwamba mtoto mchanga huzaliwa nayo nyingi, kisha hupungua kwa nusu takriban kila siku tano au sita. Kipimo kimoja cha wiki ya kwanza hakitoshi kuhukumu. Vipimo vifuatane, tuone kama inashuka inavyopaswa. Hata baada ya upasuaji, ambao lazima uondoe na kifandugu chenyewe, AFP na kidole huendelea kwa miaka isiyopungua mitatu.