Anayegeuza Ukurasa

Katika mahandaki ya reli yaliyochimbwa Marekani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, tundu la baruti lilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alipiga nyundo. Mwingine aliinama akashika tindo refu la chuma, na baada ya kila pigo akalizungusha kidogo ili ncha isinase na vumbi la mwamba litoke. Nyundo ilipita karibu na vidole vyake mchana kutwa. Huyo ndiye mwenzake John Henry, Mmarekani Mweusi ambaye masimulizi yanasema alishindana na mashine ya mvuke, akaishinda, akafa. Sifa zote zilikwenda kwa mwenye nyundo.

Mshika tindo hunijia akilini kila nimtazamapo mtu anayejua kuwasomea watoto kitabu cha picha. Maneno ni ya mwandishi, picha ni za mchoraji, na yeye kazi yake ni kugeuza. Lakini akigeuza vibaya, kitabu kinanasa.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya mashujaa wa masimulizi ya Marekani ni *John Henry* cha mwaka 1994, maneno ya Julius Lester na picha za Jerry Pinkney. Wote wawili walikuwa Wamarekani Weusi waliozaliwa mwaka 1939, Lester St. Louis na Pinkney Philadelphia. Pinkney alichora kwa penseli, akapitisha rangi za maji juu yake bila kuificha mistari. Kurasa zake zimejaa: majani, magogo, mikunjo ya nguo, nyuso za watu wanaochungulia pembeni. Jicho la mtu mzima huteleza juu ya haya yote likadhani limeona. Mtoto haponyokwi hivyo. Hajajua kusoma, kwa hiyo picha ndiyo maandishi yake, na huanza kuisoma kutoka kona anayoitaka mwenyewe. Msomaji mzuri akimaliza sentensi ya mwisho ya ukurasa hageuzi. Ananyamaza. Kidole kimekwisha kufika kwenye ncha ya karatasi, lakini macho yake yako kwa watoto, na anageuza pale tu macho yao yanapoanza kuinuka.

Kunyamaza huko ni kugumu. Anayetaka kujizoeza aanze na kitabu kingine cha Pinkney, *The Lion & the Mouse*, hadithi ya simba na panya aliyoiweka Serengeti, na iliyompatia Nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya wachoraji wa vitabu vya watoto, mwaka 2010. Ndani yake hamna maneno ila sauti za wanyama. Mama wa Kikongo anayeishi Ohio, ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, anaweza kukisimulia kwa Kiswahili tangu jalada hadi jalada, wala hakuna atakachokuwa amekipunguza.

Sehemu kubwa ya ufundi huu hufanyika kabla watoto hawajaketi. Msomaji amekisoma kitabu peke yake kwa sauti, akajua wapi pumzi itakatika. Amekifungua mara nyingi hadi mgongo wake ukalegea, kisijifunge mkononi. Hukishika kwa chini, kando ya bega, ili mkono usikatize picha, na hukizungusha taratibu ili na aliyekaa mwisho wa mkeka aone. Na amepima idadi ya watoto. Kwa kundi kubwa mimi ningechukua *John Henry* cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1965, kwa kuwa maumbo yake ni makubwa na mazito, yanaonekana hata kutoka mbali. Cha Pinkney kinataka watoto wachache, walioegemea magotini.

Kisha kuna suala la chumvi. Mashujaa hawa wa Marekani wametiwa chumvi bila kipimo: Paul Bunyan mkata magogo na fahali wake wa buluu, Pecos Bill aliyelelewa na koyoti, na yule mwanamke wa Tennessee katika *Swamp Angel* cha Anne Isaacs, anayepigana na dubu mkubwa kupita kiasi. (Mchoraji wake, Paul O. Zelinsky, alipaka rangi za mafuta juu ya mbao nyembamba na kuacha mishipa ya mbao ionekane. Kitabu hicho na *John Henry* cha Pinkney vilipata heshima ya Caldecott mwaka mmoja, 1995.) Msomaji mchanga hubadili sauti, hutoa macho, hucheka kabla ya watoto. Bingwa hufanya kinyume. Jambo likizidi kuwa kubwa, yeye huzidi kutulia. Anataja kimo cha mtoto John Henry aliyetoboa paa kwa kichwa kama anayetaja bei ya unga, na watoto ndio wanaogeukiana kuulizana kama wamesikia sawasawa. Mshangao ni mali yao, na yeye hawanyang'anyi.

Katika kitabu cha Lester kuna jabali linalozuia barabara, na baruti imeshindwa kulivunja. John Henry anaanza kulipiga. Vumbi linatanda, na likitulia barabara imekwisha kupita. Hapo mguso wa mkono ni kila kitu: karatasi igeuzwe polepole mno, kama vumbi lenyewe linavyoshuka.

Augusta Baker, aliyeanza kazi mwaka 1937 katika tawi la Harlem la Maktaba ya Umma ya New York na mwaka 1961 akawa msimamizi wa huduma za watoto katika maktaba hiyo yote, alikuwa na desturi ya kuwasha mshumaa kabla ya hadithi. Sisi tunaita paukwa, tunaitikiwa pakawa. Watoto wote wanahitaji mlango wa kuingilia.

Na wanahitaji msomaji asiwakimbize pale shujaa anapokufa. Nimesikia watu wazima wakiharakisha ukurasa huo kwa sauti ya uchangamfu. Lester aliandika kwamba alimwona Martin Luther King ndani ya John Henry, na ukurasa huo unabeba uzito wa watu wote wawili. Usomwe kwa mwendo ule ule wa kurasa za shindano lake na mashine, na kimya kinachofuata kiachwe.

Halafu huja swali: alikuwapo kweli? Hapo msomaji anapaswa kuwa na kitu mkononi. Johnny Appleseed alikuwapo. Ni John Chapman, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1774 na kufa mwaka 1845, mpanda vitalu vya tofaa. Paul Bunyan alitoka katika porojo za wakata miti, akasambazwa na vijitabu vya matangazo vya kampuni ya mbao kuanzia 1914. Kuhusu John Henry, watu wa Talcott, West Virginia, wamemjengea sanamu karibu na handaki la Big Bend, lililochimbwa kati ya 1870 na 1872. Mwanahistoria Scott Reynolds Nelson aliandika mwaka 2006 kwamba alikuwa mfungwa kijana wa Virginia, aliyekodishwa kwa wajenzi wa reli katika handaki jingine, la Lewis, na kwamba wachimbaji wengi waliuawa na vumbi lililoingia mapafuni. Mtoto wa miaka sita aambiwe kwamba wachimbaji walikuwapo, na mashine pia. Wa miaka kumi aambiwe habari ya yule mfungwa.