Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Laptopu ya Gemu, Mbeya na Iringa

Laptopu ya gemu ikianza kuchemka, feni zikinguruma na picha zikistaki katikati ya mechi, mafundi wa kuipokea hawakosekani, uwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa. Kazi iko kwenye kumtambua aliyeipoza kweli. Mteja hukabidhiwa mashine, huigusa, huiona ya baridi, hulipa. Lakini Mbeya mwezi wa Julai, usiku joto hushuka chini ya digrii 10, na kila kitu ni baridi ukikigusa. Ufundi wa kupoza laptopu hupimwa mashine ikiwa inafanya kazi nzito, tena kwa namba.

Hali ya hewa ya kwetu

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Feni ikizunguka kwa mwendo ule ule wa Dar es Salaam, inasukuma hewa nyepesi zaidi, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Baridi yetu hufidia upungufu huo, na ndiyo inayowafanya wengi wasione tatizo mpaka limekomaa.

Kisha lipo vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi hukauka, upepo wa Iringa huvuma, na majivu ya jiko la mkaa la kuotea nayo huingia chumbani. Na kwa sababu ya baridi, vijana wengi huchezea kitandani, laptopu ikiwa juu ya blanketi, matundu ya chini yakiwa yamezibwa. Fundi anayeijua Nyanda za Juu huanza kwa kukuuliza unachezea wapi.

Maswali kabla ya bisibisi

Fundi hodari hukuuliza gemu gani, baada ya dakika ngapi linaanza kustaki, na kama umekuja na chaja unayotumia siku zote. Swali la chaja lina uzito. Laptopu iliyotengenezwa kwa chaja ya wati 180 ikipewa ya wati 90 kwa sababu pini yake inaingia, itapunguza kasi hata ikiwa baridi. Vilevile laptopu nyingi za gemu hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Fundi anayefungua kabla ya kuuliza anaweza kubadilisha pesti ya kupitisha joto isiyo na kosa lolote.

Baada ya maswali, hupima. Huweka programu ya bure kama HWiNFO, huendesha gemu au jaribio zito kwa nusu saa, na kuandika joto na kasi. Asiyepima kabla hana cha kulinganisha baadaye.

Kifuniko kikifunguliwa

Omba kukaa karibu na utazame. Kitu cha kwanza kutengwa ni betri. Cha pili ni feni: huishika kwa kidole au kijiti isizunguke anapopuliza, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa upepo mkali huharibu beringi zake. Kisha huitoa feni yenyewe, maana uchafu mkubwa hujificha kati ya feni na mapezi ya shaba, umeshikana kama kipande cha sufi. Anayepuliza kwa nje bila kufungua huurudisha uchafu huo ndani, na wiki chache baadaye laptopu inachemka tena.

Tazama anavyolegeza skrubu za hitisinki, chuma kinachoondoa joto kwenye chipu. Nyingi zimeandikwa namba. Wakati wa kufunga hufuatwa namba hizo, kidogo kidogo, ili chuma kikae sawa juu ya chipu; wakati wa kufungua huanzwa na namba ya mwisho. Mabomba ya shaba ya hitisinki yana maji kidogo ndani yake na hayapaswi kukunjwa. Anayeyapinda ili kutafuta nafasi ameyaua.

Pesti na pedi

Pesti ya zamani husafishwa kwa alkoholi mpaka chipu ing'ae. Chipu za laptopu hazina kofia ya chuma, kwa hiyo pesti nyepesi husukumwa pembeni kadiri chipu inavyopata joto na kupoa. Inatakiwa nzito, iliyotengenezwa kwa ajili ya prosesa. Ile nyeupe ya bei rahisi inayopakwa kwenye transista za amplifaya haifai hapa.

Pedi za kumbukumbu ya kadi ya picha ndizo zinazomtenga fundi na mbabaishaji. Unene wake mara nyingi ni nusu milimita, moja, au moja na nusu. Ukizidisha, hitisinki huinuka na prosesa haiguswi vizuri; ukipunguza, kumbukumbu huungua kimyakimya. Fundi mzuri hupima unene wa ile aliyoitoa. Na baadhi ya laptopu za Asus ROG hutoka kiwandani na metali ya majimaji badala ya pesti. Hupitisha umeme na huila aluminiamu. Asiyeitambua kwa macho asiiguse.

Namba mbili zisomwe pamoja

Hapa ndipo wateja wengi hudanganywa. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha digrii 100; zikikaribia hapo hupunguza kasi zenyewe. Kwa hiyo joto peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Ikiwa kabla ya matengenezo ilikuwa digrii 95 kwa gigahezi 2.6, na sasa ni digrii 95 zile zile kwa gigahezi 3.6, kazi imefanyika vizuri sana. Ikiwa joto limeshuka hadi 75 lakini kasi nayo imeanguka, fundi amebana nguvu ya prosesa kwenye mipangilio na kuacha ugonjwa palepale. Linganisha pia kori za prosesa: moja ikiizidi nyingine kwa digrii 15 au zaidi, huenda hitisinki imekaa upande.

Toa joto la chumba

Mwisho, fanya hesabu. Chumba kikiwa na digrii 12 na prosesa 88, tofauti ni 76. Ipeleke laptopu hiyo Dar es Salaam, kwenye chumba cha digrii 32, na hesabu inafika 108, juu ya kikomo. Hata hewa nzito ya pwani ikipunguza digrii chache, itastaki. Kwa mwanafunzi wa chuo cha MUST, Mbeya, au Mkwawa, Iringa, anayerudi kwao pwani likizo, tofauti hiyo ndiyo kipimo cha haki.

Ukishalipa, inyanyue laptopu sentimita mbili au tatu kwa vipande vya mbao, na uisafishe kila mwaka kiangazi kinapokwisha. Na umlipe vizuri fundi anayekuandikia namba za kabla na za baada kwenye karatasi. Kazi yake inachukua saa kadhaa, na hastahili malipo sawa na anayepuliza vumbi kwa dakika tano.