Pongezi kwa Wapika Urwarwa

Bujumbura ina kiwanda cha bia cha Brarudi tangu 1955, na bia yake ya Primus haikosekani kwenye meza za mjini. Hata hivyo, familia nyingi za Warundi haziketi kuzungumzia mahari bila urwarwa, pombe ya ndizi inayopikwa nyumbani.

Kazi yake yataka subira. Ndizi hufukiwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive sawasawa, zikamenywa, zikakandwa pamoja na majani makavu. Majani hushika makapi, juisi ikachuruzika safi. Huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, chombo kikafunikwa na kuwekwa penye joto siku 2 au 3. Isiyotiwa maji mengi huitwa insongo, nayo ni kali zaidi.

Mpishi hana kipimo cha maabara. Husikiliza povu, hunusa, huonja, na hajui kukosea. Huo ni ujuzi kamili, sawa na wa fundi yeyote mwenye cheti.

Basi tuwape heshima yao. Ukinunua dumu, lipa bei inayostahili, na kijana wako mpeleke akajifunze wangali hai wanaojua.