Anayeuguza hayumo kwenye daftari

Siku hizi ni vigumu kuona andiko la mradi wa utafiti wa saratani lisilo na sentensi hii: "jamii itashirikishwa." Utekelezaji wake tunaujua. Mwenyekiti wa mtaa anataarifiwa, spika zinafungwa uwanjani, kikundi cha ngoma kinacheza mpaka watu wajae, halafu mtafiti anashika kipaza sauti. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, picha zinapigwa, na ripoti inaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa.

Wengi hukosoa utaratibu huu kwa upande wa adabu: watu wanatumika. Ni kweli, ila mimi naona kuna kasoro nyingine inayotuhusu zaidi sisi watu wa takwimu. Sampuli yenyewe imepinda.

Hebu chukua Gongo la Mboto, njia ya Pugu, huku nyuma ya uwanja wa ndege. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akiandikiwa mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, matibabu hayo kwa kawaida huwa ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Ocean Road iko ufukweni, upande wa pili kabisa wa jiji. Mgonjwa aliyedhoofika haendi peke yake. Anakwenda na binti yake, au dada, au mkwe, ambaye ameacha genge lake limefungwa. Ukimuuliza huyo anafanya kazi gani siku hizi, atakujibu kwa neno moja: "Nauguza."

Sasa mkutano wa ushirikishwaji umeitishwa saa nne asubuhi. Anayeuguza yuko wapi saa nne? Yuko kwenye daladala, au kwenye benchi la hospitali, au nyumbani anamgeuza mgonjwa kitandani. Yaani kadiri mtu anavyoijua saratani kwa karibu, ndivyo uwezekano wa kumkuta pale uwanjani unavyopungua. Tukisema "jamii imetuambia hivi", tumeongea na ile sehemu ya jamii ambayo siku hiyo ilikuwa na nafasi. Kwenye dodoso lolote tungeliita hilo upendeleo wa sampuli, na msimamizi angeturudishia kazi.

Na siyo kwamba mchango wa watu wa kawaida ni mdogo. Jaribio la DoRIS lililofanyika Mwanza liliwaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ili kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yake yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania nayo ikahamia huko. Damu ya wasichana wa Mwanza imebadili sera ya dunia. Lakini binti wa miaka 9 hajipeleki kliniki. Kuna mtu mzima aliyemsindikiza, akaacha kazi zake, na hesabu za matokeo hazina safu yake.

Tatizo hilohilo limo kwenye utafiti wa kucheza kama tiba. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 kuhusu tiba ya dansi kwa wagonjwa wa saratani yalipata majaribio matatu tu, yenye washiriki 207, wote wanawake wenye saratani ya matiti. Hayakuona ushahidi kwamba dansi ilipunguza huzuni, wasiwasi au uchovu. Jaribio moja lilidokeza kuwa ubora wa maisha uliongezeka. Nayaheshimu mapitio hayo kwa sababu hayakutia chumvi. Ila tazama kilichopimwa: mgonjwa peke yake, kana kwamba ugonjwa unaishi ndani ya ngozi moja.

Uzaramoni, ambako ndiko Gongo la Mboto ilipo, ngoma haikuwahi kuwa ya mtu mmoja. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeandika kuhusu mila za Wazaramo mwaka 1970, na John Janzen, aliyefanya utafiti kwa waganga wa Dar es Salaam na kutoa kitabu chake mwaka 1992, wote wanaonyesha kwamba ngoma za uponyaji hubeba kundi zima. Hata lugha inalijua hilo. Kumtunza mgonjwa na kumtunza mchezaji kwa noti ni kitenzi kilekile, na mwali akitolewa, mama yake naye anatunzwa. Tusidanganyane: ngoma haiondoi uvimbe, na anayechelewa hospitali kwa kuitegemea anajiumiza. Ninachosema ni kwamba huenda faida yake iko kwa yule anayeuguza, ambaye mapitio yale hayakumpima.

Swantz huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha utafiti shirikishi nchini miaka ya 1970, ukiwemo mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo. Wazo lilikuwa kwamba wanakijiji watunge maswali pamoja na mtafiti. Ni wazo zuri kuliko spika zetu za leo, lakini nalo lina deni: kushiriki kunakula muda, na muda una mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya matunzo isiyolipwa. Ukimwita mwanamke kushiriki bila kufidia saa zake, umemwongezea zamu nyingine ya bure.

Basi kwenye andiko lijalo tubadilishe mambo matatu. Bajeti iwe na nauli na fidia ya muda kwa anayeuguza, siyo kwa mgonjwa tu. Mahojiano yamfuate alipo, hata kama ni kwenye benchi la kusubiria mionzi, kwa ridhaa yake na akiwa ameambiwa anaweza kukataa. Na afya yake, usingizi wake na kipato chake viwe miongoni mwa vitu tunavyopima. Bajeti itapanda, sikatai. Kikundi cha ngoma nacho hulipwa, na hatujawahi kuona ajabu kukiwekea mstari wake.